Njia za Miguu za Vijijini Mwetu: Mama Naye Akimbie

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kaunti ya Kilifi. Aliye jikoni aendelee kusonga ugali huku akisikiliza. Anayenyonyesha aketi vizuri, aegemee, kisha tuanze.

Leo nataka tuzungumze juu ya kukimbia. Najua kuna mama ambaye ameshacheka. Anajiuliza, "Kukimbia? Mimi na watoto wangu wanne?" Tukisikia habari za mbio, mawazo yetu huenda moja kwa moja hadi Iten, kule Elgeyo Marakwet, ambako vijana hukimbia alfajiri kwenye barabara za udongo mwekundu. Tunadhani mbio ni za watu wa milimani, na ni za kutafuta medali.

Lakini hata huku kwetu Pwani tuna njia nzuri. Tuna njia za kwenda shambani, njia za visimani, na njia zinazopita kando ya miji ya kale na misitu ya kaya za wazee wetu. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kuzipita. Sisi wenyeji tunazipita tukiwa nyuma ya boda boda, na mkoba mapajani.

Nilivyoanza mimi mwenyewe

Sitaki mfikiri kwamba nawahubiria jambo ambalo silifanyi. Mtoto wangu wa pili alipokuwa na miezi saba, tulikuwa kazini tukijaribu mashine mpya ya kupima presha. Mwenzangu alinifunga mkono kwa mzaha. Mashine ikaandika 148 kwa 96. Tukacheka, tukasema mashine ni mbovu. Tukapima tena baada ya kupumzika, na siku iliyofuata tukapima tena. Mashine haikuwa mbovu.

Miye niliyekuwa nikiwaambia akina mama wengine wapunguze chumvi, nilikuwa nikienda kazini kwa boda boda, nikikaa kitini hadi mchana, nikirudi kwa boda boda, na jioni nikinywa chai yenye sukari vijiko vitatu pamoja na mahamri. Daktari alinipangia tarehe za kurudi kupimwa, akaniambia nipunguze chumvi na niutumie mwili wangu.

Nilianza kwa kutembea na majirani wawili, saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa tumejifunga leso. Wiki ya tatu tulijaribu kukimbia kutoka mwembe mmoja hadi mwingine. Tulifika tukihema kama mbuzi aliyefukuzwa na mbwa. Leo tuko kumi na mmoja. Presha yangu ilishuka baada ya miezi kadhaa, nami bado naipima kila mwezi. Sisemi kwamba kila mtu itashuka vivyo hivyo. Aliyepewa dawa za presha au za sukari aendelee kuzimeza, asiache kwa sababu ameanza kukimbia.

Mwili unapata faida gani?

Moyo ni kama pampu ya kisima. Pampu inayotumiwa kila siku hufanya kazi vizuri, na ile inayokaa bila kutumiwa hukwama. Ukitembea haraka au ukikimbia, moyo hupata nguvu, na mishipa ya damu hulegea ili damu ipite kwa urahisi. Misuli ya miguu nayo huchukua sukari kutoka kwenye damu na kuitumia. Ndiyo sababu mazoezi husaidia kuzuia presha na ugonjwa wa kisukari. Pia mifupa huwa imara, usingizi huja mapema, na mama aliyeelemewa na mawazo hupata nafuu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Kama anakimbia hadi kuhema sana, dakika 75 kwa wiki zinatosha.

Utajuaje mazoezi ya wastani ni yapi? Huhitaji saa ya bei kubwa. Tumia mdomo wako. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo ni wastani. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa hata kusema maneno matatu, punguza.

Hapa nataka niseme ukweli. Mama anayeteka maji mbali, akalima hadi saa sita na kubeba kuni kichwani, huyo tayari anafanya mazoezi. Simwambii akimbie tena. Yeye anahitaji chakula cha kutosha, kupumzika, na mtu wa kumsaidia mzigo. Ninayemlenga leo ni yule anayekaa dukani au kwenye cherehani, anayeuza mboga akiwa ameketi, au anayefanya kazi ofisini. Tena namlenga yule ambaye zamani alitembea kila mahali, na sasa boda boda iko mlangoni.

Njia ya kwanza: Gede na Mida

Sisi wa kikundi chetu hukimbia upande wa Gede, kusini ya Malindi. Hatukimbii kwenye barabara kuu ya Mombasa na Malindi, kwa sababu matatu na malori huenda kasi. Tunafuata njia za ndani, kati ya mashamba ya mahindi na mihogo, tukipita chini ya miembe na minazi. Njia ni tambarare, hivyo inamfaa anayeanza.

Huko ndiko uliko mji wa kale wa Gede, ambao kuta zake za mawe ya matumbawe bado zimesimama ndani ya msitu. Kuna kaburi moja lenye tarehe ya Kiislamu ya mwaka 802, yaani mwaka wa 1399. Mji huo uliachwa kabisa katika karne ya 17. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya magofu hatukimbii, kwani hapo ni mahali pa kutembea kwa heshima, na kuna kiingilio. Lakini napenda kila mama awapeleke watoto wake angalau mara moja.

Kama muuguzi, kinachonivutia zaidi kule Gede ni vyoo na visima. Watu wale walijenga vyoo vya mawe ndani ya nyumba zao, pamoja na mahali pa kutawadhia. Walichimba visima virefu, na kimoja kiko kando ya msikiti mkubwa. Baadhi ya wataalamu wanafikiri kwamba maji yalipungua visimani, na kwamba hiyo ni moja ya sababu zilizowafanya watu wahame. Mji mzima wenye msikiti na jumba la mfalme hauwezi kuishi bila maji safi, sembuse boma lako na langu.

Ukielekea upande wa bahari utafika Mida, ambako kuna mikoko na ndege wengi. Upepo ni mzuri alfajiri. Lakini angalia maji. Bahari ikijaa, njia uliyopita ikiwa kavu huenda usiipate wakati wa kurudi. Waulize wavuvi kabla ya kuteremka. Na upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, usiingie ndani peke yako kwa mazoezi. Msitu huo una ndovu.

Njia ya pili: Mnarani na Takaungu

Walio karibu na mji wa Kilifi wana Mnarani, ng'ambo ya kusini ya daraja. Hapo juu kuna magofu ya msikiti, kaburi lenye mnara, na mibuyu mikubwa, na chini unaona mkono wa bahari ukiingia bara. Njia za huko zina mwinuko. Mwinuko ni mzuri kwa moyo na mapaja, lakini usiukimbie siku ya kwanza. Panda ukitembea. Wakati wa kuteremka pia punguza mwendo, kwa sababu magoti huumia zaidi mtu anapoteremka kuliko anapopanda.

Kusini zaidi kuna Takaungu, mji mdogo wa Waswahili ulio kando ya bahari. Baadhi ya watu wa ukoo wa Mazrui walihamia huko baada ya kupoteza utawala wa Mombasa mwaka wa 1837. Kutoka barabara kuu kuna njia inayoelekea baharini hadi mjini. Ukifika kwenye nyumba za watu, acha kukimbia, tembea, salimia. "Hodi" na "shikamoo" hazimpunguzii mtu pumzi. Vaa nguo inayostiri. Wenzetu wengi hukimbia wakiwa na suruali nyepesi chini ya dera fupi, na mtandio umefungwa vizuri nyuma. Hakuna sharti la kiafya linalosema mkimbiaji awe nusu uchi.

Njia ya tatu: Rabai

Nimewahi kufanya kazi Rabai kwa muda, na njia zake sizisahau. Ukiacha barabara kuu hapo Mazeras, unaingia kwenye vilima vyenye minazi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya ufuoni. Rabai ndipo wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoanzisha kituo chao mwaka wa 1846. Kutoka huko Rebmann alisafiri kwa miguu na wapagazi wake hadi akauona mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848. Kanisa la zamani na jumba la makumbusho bado vipo.

Misitu ya kaya nayo iko huko. Kaya za Mijikenda ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Kaya si uwanja wa mazoezi. Usikate njia ndani yake ili kufupisha safari. Zunguka nje, na ukitaka kuingia, waombe wazee ruhusa, watakuelekeza utaratibu.

Kuna jambo moja la historia hiyo ambalo akina mama hawaambiwi. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye alifariki kwa homa. Kichanga naye akafa. Wakati ule hapakuwa na zahanati, wala kipimo cha presha, wala dawa za malaria kama tulizo nazo leo. Kila nikikumbuka habari hiyo, namkumbuka mama mmoja wa kikundi chetu, na kosa langu mwenyewe.

Jua gani, na hata halijapanda?

Mama huyo alikuwa amejifungua wiki mbili tu. Hakuwa akikimbia. Alikuja asubuhi moja kutembea nasi polepole hadi kwenye mwembe, kwa sababu alichoka kukaa ndani. Njiani akaniambia, "Dada, kichwa kinaniuma tangu juzi, na naona vitu kama nyota mbele ya macho." Mimi nilikuwa nawahi kumaliza mzunguko ili niende kazini. Nikamjibu, "Ni jua hilo na kukosa usingizi. Kunywa maji, ukapumzike."

Kulikuwa na nyanya mmoja nyuma yetu, ambaye huja na mkongojo wake. Akasimama. Akasema, "Jua gani, na hata halijapanda?"

Niliona haya, kwa sababu ilikuwa kweli. Saa ilikuwa haijafika kumi na mbili na nusu. Mimi, mwenye diploma ya uuguzi, nilikuwa nimetoa jibu bila kufikiri. Tukaita boda boda, nikapanda naye hadi kituo cha afya. Presha yake ilikuwa 170 kwa 110. Akapewa dawa na kupelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kama angekwenda nyumbani kupumzika kama nilivyomwambia, huenda angepata kifafa cha mimba akiwa peke yake na mtoto. Alipona. Mtoto wake sasa anatembea, tena ni mtundu.

Basi sikilizeni kwa makini. Watu wengi hudhani hatari ya presha ya mimba huisha mtoto akizaliwa. Sivyo. Inaweza kuja hata katika wiki sita baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua akiumwa na kichwa sana, akiona maluweluwe, akiumwa na tumbo upande wa juu, akishindwa kupumua vizuri, au akivimba uso na mikono ghafla, aende hospitali wakati huo huo. Vivyo hivyo akitokwa na damu nyingi, akipata homa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Usimwambie alale kwanza. Usimwambie ni jua.

Ukitoka kujifungua, anza lini?

Ukijifungua kawaida na ukajisikia vizuri, unaweza kuanza kutembea taratibu karibu na nyumba baada ya siku chache. Ongeza kidogo kidogo. Ukifika wiki ya sita, nenda kliniki upimwe, hata kama mtoto ndiye unayempeleka kwa chanjo. Kukimbia ngoja hadi miezi mitatu hivi, kwa sababu misuli ya tumbo na ya nyonga ilivutika sana na inahitaji muda. Uliyepasuliwa subiri mpaka daktari akuruhusu, kwani jeraha la ndani huchelewa kupona kuliko la nje.

Njia nzuri ya kuanza ni hii. Wiki mbili za kwanza tembea haraka dakika 10 kwenda na dakika 10 kurudi. Wiki mbili zinazofuata, kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara 6. Kisha ongeza dakika za kukimbia na kupunguza za kutembea, kadiri mwili unavyokubali. Ukiumwa, rudi hatua moja nyuma.

Usalama njiani

Kwanza, msiende peke yenu. Mama akimbie na mwenzake, na mtu wa nyumbani ajue mmepita njia gani na mtarudi saa ngapi. Ngojeni kupambazuke, na jioni mrudi kabla ya giza.

Pili, vaeni viatu. Raba za mtumba zinatosha, mradi hazibani wala hazipwayi. Nyayo tupu kwenye udongo wenye unyevu huweza kuingiwa na minyoo ya safura, inayopita kwenye ngozi na kumaliza damu mwilini. Kuna pia funza, miiba na vioo. Minyoo hiyo hutoka kwenye kinyesi, kwa hiyo kila boma likiwa na choo, njia ya kila mtu itakuwa salama.

Tatu, maji na jua. Kunyweni maji kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Kuanzia saa tatu asubuhi joto la Pwani huwa kali. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kutapika au kuzimia kwa joto, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji na kumpepea, kisha mumkimbize hospitali.

Nne, mbwa. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Ukiumwa na nyoka, usikate jeraha, usilifunge kwa kamba, usilinyonye. Tulia, mguu usiuchezeshe, ubebwe hadi hospitali.

Tano, palipo na magari, kimbieni upande ambao mnayaona yakija mbele yenu.

Watoto wataachwa na nani?

Hili ndilo swali linaloua mipango mingi. Sisi tulitatua hivi. Kikundi kiligawanywa mara mbili. Siku moja nusu hukimbia na nusu hubaki na watoto kwa mama mmoja, siku ya pili wanabadilishana. Mama mkwe wangu alikubali kukaa na wangu asubuhi mbili kwa wiki. Kina baba mnaosikiliza, nusu saa si muda mrefu. Mtoto hatapungua uzito kwa kukaa nawe.

Watoto wakubwa mnaweza kwenda nao. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kujishughulisha kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na michezo ya kukimbizana inahesabiwa. Mtoto mwenye selimundu anaweza kucheza, lakini apumzike mara kwa mara, anywe maji mengi, asilazimishwe kushindana. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta. Kwa wote wawili ulizeni kwanza kliniki.

Watu watasema nini?

Watasema. Sisi tuliambiwa tunakimbilia waume. Baada ya miezi miwili waliotusema walianza kuuliza tunapita saa ngapi.

Anayesema njia si za mwanamke amkumbuke Mekatilili wa Menza. Mwaka wa 1913 mjane huyu wa Kigiriama alizunguka kijiji hadi kijiji, akicheza kifudu na kuwahimiza watu wakatae amri za serikali ya kikoloni. Wakamkamata, wakampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka wa 1914 akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Na anayesema mwanamke aliyezaa amekwisha, amwangalie Faith Kipyegon. Alijifungua binti yake mwaka wa 2018. Baadaye akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Tokyo mwaka wa 2021, na tena kule Paris mwaka wa 2024. Wewe hutafuti dhahabu. Unatafuta kuwalea watoto wako mpaka wawe wakubwa, ukiwa na miguu na macho yako mazima.

Maswali ya wasikilizaji

Swali: Nikikimbia, maziwa yangu yatapungua au yatachacha?
Jibu: La. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayayaharibu. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka ili matiti yawe mepesi, vaa sidiria inayoshika vizuri, kula vya kutosha na kunywa maji.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano. Niache kutembea?
Jibu: Usiache. Mimba isiyo na matatizo haizuii kutembea haraka. Aliyezoea kukimbia anaweza kuendelea polepole akishauriana na kliniki. Lakini ukitokwa na damu au maji, ukipata uchungu, kizunguzungu au maumivu ya kifua, simama na uende hospitali.

Swali: Nikikimbia mkojo hunitoka. Naona haya kusema.
Jibu: Umefanya vyema kusema, kwa maana wengi wanalo jambo hilo na wananyamaza. Kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Fanya mara 10, mara tatu kwa siku, na kwa sasa tembea badala ya kukimbia. Usipopata nafuu nenda kliniki. Na kama mkojo au choo hukutoka wakati wote tangu ulipojifungua kwa shida, huenda ni fistula. Si laana, na hutibiwa kwa upasuaji.

Swali: Binti yangu akiwa katika hedhi akimbie?
Jibu: Akimbie akijisikia. Hedhi si ugonjwa. Awe na pedi au kitambaa safi kilichoanikwa juani. Akitokwa na damu nyingi mno au akizimia, mlete apimwe damu.

Mambo ya kukumbuka

1. Pima presha kabla ya kuanza, hasa ukiwa umepita miaka 40, una uzito mkubwa, au ulikuwa na presha wakati wa mimba. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, muone mhudumu wa afya.
2. Anza kwa kutembea. Nusu saa, siku 5 kwa wiki.
3. Nendeni wawili au zaidi, mkiwa na viatu, kukiwa na mwanga.
4. Heshimuni magofu, makaburi, kaya na milango ya watu.
5. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kukosa pumzi hata ukiwa umesimama: acha, nenda hospitali.
6. Mama wa wiki sita za kwanza mwenye maumivu makali ya kichwa asiambiwe apumzike. Apelekwe.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, mbishie jirani hodi. Mwambie, twende hadi kwenye ule mwembe, turudi. Na mkiwa njiani, sikilizaneni. Mwenzako akikwambia kichwa kinamuuma, usiwe na haraka ya kumjibu kama nilivyokuwa nayo mimi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.